Matone Kumi na Mawili kwa Dakika

Injini ilianza kulalama tulipopita chelezo cha tatu cha kome.
Mshale wa joto ukapanda taratibu,
kama mtu anayepanda ngazi na gunia mgongoni,
na bomba la nyuma, ambalo siku zote hutema maji
kwa pumzi fupifupi, phu, phu,
likatoa mvuke na kikohozi kikavu.
Nikazima. Hori zima la Arousa likanyamaza.

Mjomba Eladio akasema palepale:
"Ni mpira. Siku zote ni mpira."
Hakunyanyuka kwenye kreti.

Nikaanzia chini, maji yanakoingilia.
Valvu ya sakafuni: wazi.
Chujio: uzi mmoja wa mwani
na kaa mdogo kama kifungo cha shati,
hai, kakasirika. Nikamrudisha kwao.
Mpira wa kuvutia maji haujapondeka, klampu zimekaza.
Basi, pampu.

Skrubu sita. Ya tano imelika kichwa;
niliibembeleza kwa nyundo na kwa matusi
ambayo marehemu mama alidhani siyajui.
Kifuniko kikabanduka, na tazama,
gurudumu la mpira lilikuwa zima!
Mabawa yote sita, laini, yameinama upande mmoja
kama nyasi zilizolaliwa na mbuzi.
Nililinunua Machi. Risiti bado iko drooni.

"Weka jingine," akasema Eladio,
akanisogezea bati la biskuti.
Humo alihifadhi misimu yake yote:
lisilo na bawa moja, lisilo na matatu,
moja limebaki kitovu tu.
Miaka yote hiyo akimtibu asiyeumwa.

Nikakipeleka kifuniko kwenye mwanga,
nikapitisha ukucha wa kidole gumba.
Ukazama.
Duara ndani ya duara, shaba imechimbwa
kwa mchanga na chumvi na miaka kumi na tisa ya kuzunguka,
kina chake hakifiki unene wa kadi ya simu.
Lakini maji hayana ujinga:
ukiyaonyesha njia ya kurudi yalikotoka
hayatapanda mlima kwa ajili yako.

Gurudumu lilisukuma. Lilisukuma kweli.
Kila lilichosukuma kikapita ubavuni,
na lawama ikabaki kwake.

Nikamkumbuka Brais, mwana wa huyu mzee,
aliyeitwa mvivu asubuhi na jioni
hadi akahamia Rotterdam.
Sikusema kitu. Nilikuwa na skrubu mdomoni.

Kifuniko kina pande mbili.
Ule wa nje, wenye chapa ya kiwanda, haujawahi kuonja maji.
Nikausugua kwa msasa juu ya kioo
mpaka herufi zikafutika,
nikakata gasketi kwenye boksi la shayiri,
nikapaka sabuni, nikageuza, nikafunga.
Injini ikawaka. Kimya. Kimya bado.
Halafu, phu.
Phu, phu.
Mshale ukarudi chini kama aliyetua gunia.

Ila chini ya pampu kuna kitundu
ambacho wengine hukiziba wakidhani ni kasoro.
Kimewekwa ili kiseme.
Kilikuwa kimeandika mstari mweupe wa chumvi hadi kwenye mguu wa injini:
sili imechoka, shafti imeingia mfereji.
Nikahesabu kwa saa ya mkononi:
matone kumi na mawili kwa dakika.
Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi;
huku kuvuja kwingine ni deni, na chuma ndicho hulipa.

Ndipo Eladio akanyanyuka.
Akamwaga mipira yake yote ndani ya ndoo ya takataka,
akaliweka bati tupu chini ya tone.
Tang.
"Shafti itafika Alhamisi," akasema.
"Nani kakwambia?"
"Nitaiagiza."
Tang.
Akafuta mikono kwenye suruali, muda mrefu,
mikono ambayo haikuwa imeshika kitu.
Kisha akauliza, uso wake ukielekea kwenye vyelezo,
Rotterdam sasa hivi ni saa ngapi.

Ni saa hii hii ya kwetu, mjomba.
Saa hii hii.